Kevin: jina la Kigaeli, sehemu zake na njia liliyopita

Fungua daftari la mahudhurio la shule yoyote Kisumu, Nairobi au Kampala, na huenda ukamkuta Kevin. Wengi hulitia kapu moja na Peter, John na Simon wakidhani limetoka kwenye Biblia. Halimo. Wengine husema ni jina la Kiingereza tu, na hapo pia wamekosea: Waingereza walilipokea kama tulivyolipokea sisi, likiwa limeshapunguzwa kingo. Kwao ni Ayalandi, katika lugha ya Kigaeli, ambako huandikwa Caoimhín.

Ukitafuta maana yake mtandaoni utapewa orodha ndefu: mpole, mpendwa, mtukufu, aliyezaliwa mrembo, mpole mdogo. Maana nne za mwanzo zina chembe ya ukweli kila moja. Ya tano ni kosa, na kosa lenyewe limezaliwa na tahajia. Ili kuona lilivyozaliwa, jina libomolewe kwanza.

Umbo la kale ni Cóemgen, la Kiayalandi cha Kale, lugha iliyoandikwa takriban kati ya karne ya 7 na ya 10. Lina maneno mawili. La kwanza, cóem, ni kivumishi chenye upana mkubwa: mpendwa, wa thamani, mzuri wa sura, mpole, wa ukoo bora. Mswahili hahitaji kushangazwa na upana huo, kwa sababu neno azizi nalo hubeba mapenzi, thamani na heshima kwa pamoja bila mtu kuuliza ni ipi kati ya hizo iliyokusudiwa. Kiwelisi, lugha jirani, kina ndugu wa neno hilo, cu, kwa maana ya mpendwa. Neno la pili, gein, ni nomino: kuzaliwa, au kile kilichozaliwa. Shina lake ni lile lile lililo katika genus ya Kilatini na genos ya Kigiriki, na kwa njia hiyo limefika hadi kwenye vitabu vyetu vya baiolojia kupitia neno jeni.

Mpangilio wake nao una jambo. Kigaeli, kama Kiswahili, kwa kawaida hutanguliza nomino na kufuatisha sifa: fear mór, mtu mkubwa. Katika majina ya kuunganisha hali hugeuka, sifa hutangulia. Kwa hiyo Cóemgen ni "uzao azizi", mtoto aliyekuja akiwa tunu kwa watu wake. Ile tafsiri ya "aliyezaliwa mrembo" inatokana na watawa walioandika maisha ya mtakatifu mwenye jina hilo kwa Kilatini na kulifafanua kwa neno pulcher, ambalo kwanza kabisa husifu uzuri wa sura. Neno lenye vyumba vingi likaingizwa kwenye neno lenye chumba kimoja, na tovuti za majina ya watoto zimekuwa zikinakili chumba hicho kimoja tangu hapo.

Gein imezaa majina mengine. Muirgein, "mzaliwa wa bahari", ndilo jina ambalo hadithi za kale zinasema alibatizwa nalo Lí Ban, mwanamke aliyeishi chini ya maji ya ziwa Neagh. Fínghin lilikuwa jina la wanaume katika ukoo wa Mac Cárthaigh kusini mwa Ayalandi, na makarani wa Kiingereza, kwa sababu wanazozijua wenyewe, wakaliandika Florence. Ndiyo maana kumbukumbu za karne ya 16 na 17 zina wanaume wenye ndevu na panga wanaoitwa Florence MacCarthy.

Cóem nalo lina ukoo mkubwa zaidi. Simulizi za maisha ya Cóemgen zinamtaja baba yake kuwa Cóemlug, mama yake Cóemell na ndugu yake Cóeman: nyumba nzima imeshika kipande kimoja cha jina. Inawezekana waandishi walipamba, lakini desturi ya kurithisha kipande cha jina badala ya jina zima inajulikana vizuri katika koo za zamani za Ulaya. Kutokana na shina hilo hilo kuna Caomhán, jina la watakatifu kadhaa. Mfalme Diarmait Mac Murchada wa Leinster, aliyefariki mwaka 1171, alikuwa na mwana aliyelelewa penye kanisa la Caomhán, naye akaitwa Domhnall Caomhánach, na uzao wake leo ni akina Kavanagh. Ó Caoimh imekuwa O'Keeffe. Na kwa wasichana kuna Caoimhe, jina linalopendwa sana Ayalandi siku hizi, ambalo hutamkwa karibu na "kwiva", na kaskazini "kiva".

Sasa tahajia, maana hapa ndipo watu hukata tamaa. Herufi nane, C-a-o-i-m-h-í-n, na msomaji mgeni haoni Kevin iko wapi. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba alfabeti ya jadi ya Kigaeli ina herufi 18 tu. Haina k. Haina v. Herufi mbili zinazoonekana wazi zaidi katika "Kevin" hazimo kabisa katika lugha iliyolizaa, kwa hiyo sauti hizo lazima ziandikwe kwa njia nyingine.

Jambo la pili ni kwamba karibu kila konsonanti ina sura mbili: pana na nyembamba. K pana hutamkwa ulimi ukiwa umevutwa nyuma. K nyembamba hutamkwa ulimi ukiwa umeinuliwa mbele, kama unajiandaa kusema "ky". Tofauti hiyo inaweza kubadili neno, lakini herufi ya konsonanti ni ile ile. Ni irabu za jirani zinazokueleza usome ipi. A, o na u ni walinzi wa konsonanti pana. E na i ni walinzi wa konsonanti nyembamba. Watoto wa shule Ayalandi hukaririshwa kanuni yake: caol le caol agus leathan le leathan, nyembamba kwa nyembamba na pana kwa pana. Irabu za pande zote mbili za konsonanti lazima ziwe za kundi moja.

Rudi kwenye jina. C imefuatwa na a na o, basi ni k pana. Baada ya o kuna i, iliyowekwa kwa sababu mh inayofuata ni nyembamba na upande wake wa pili kuna í. Kwa hiyo aoi yote ni irabu moja tu, "ii" ndefu. Kazi ya a na o ni kulinda C. K pana inapogongana na "ii" hutokea kivuli cha w katikati, na sikio la Mswahili litasikia "kwii". Mh nyembamba ni v. Í yenye alama juu ni "ii" ndefu nyingine. N ya mwisho ni nyembamba, imeelekea "ny" bila kuifikia. Jumla yake: "kwii-viin". Katika mkoa wa Connacht mkazo huwa silabi ya kwanza, na Mswahili anayefuata mazoea yake ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho atapatia bila kufundishwa. Munster mkazo huvutwa na irabu ndefu ya mwisho. Ulster silabi ya pili hufupishwa.

Hiyo mh imetoka wapi wakati neno la kale lilikuwa na m? Katika lugha za Kiselti, ukoo wa Kigaeli na Kiwelisi, konsonanti iliyokaa baada ya irabu ililegea. M ya cóem iliacha kufumba midomo ikawa v yenye mlio wa puani, na baadaye ule upuani ukapungua. Waandishi wa kwanza hawakuonyesha badiliko hilo, waliandika m na msomaji akajua mwenyewe. Waliofuata walizoea kuweka nukta juu ya herufi iliyolegea, na vitabu vilivyochapwa kwa herufi za Kigaeli viliendelea na nukta hiyo hadi katikati ya karne ya 20. Zilipochukuliwa herufi za Kirumi, zilizokosa nukta, kila nukta ikageuzwa h. Basi h iliyo katika Caoimhín haina sauti yake yenyewe, kama vile h ya "sh" na "ch" kwetu isivyosomwa peke yake. Ukiiona mh, bh, dh au gh, isome kama alama moja.

Na g ya gein? Nayo ililegea ikawa gh. Gh pana ya Kigaeli ni sauti ya "ghali" na "lugha", ambayo mtu wa pwani hutoa bila shida na Mwingereza huhangaika nayo. Lakini gh nyembamba iliteleza ikawa "y", na katika jina hili, ikiwa imebanwa kati ya v na i, ilimezwa kabisa. Tahajia iliendelea kuihifadhi: vitabu vya zamani vina Caoimhghin. Serikali ya Ayalandi ilipounganisha tahajia, kazi iliyokamilishwa katika kanuni rasmi ya mwaka 1958, herufi nyingi zisizosomwa ziliondolewa, na Caoimhghin ikabaki Caoimhín.

Faida yake ni kwamba jina liliandikika kwa urahisi. Hasara yake ni kwamba -ín ni kiambishi cha udogo kinachotumika kila siku katika lugha hiyo, kama ki- ya "kitoto" na "kijumba". Bóthar ni barabara, bóithrín ni kichochoro cha shambani. Máire ni Maria, Máirín ni Maria mdogo. Mtu akiona Caoimhín bila kujua kilichofutwa, atagawa caoimh + ín na kupata "mpole mdogo". Mgawanyo huo unaonekana wa kisomi na ndiyo sababu umeenea. Ila mwisho wa jina hili ni mabaki ya neno zima, uzao, na halikuwahi kuwa na udogo wowote.

Kuna mtego mwingine unaowakuta wanaotaka jina lao lichorwe mwilini au kwenye kombe. Kigaeli hubadilisha mwanzo wa neno kufuatana na kazi yake katika sentensi. Hilo lisitushangaze sisi tunaosema ulimi na ndimi, mtu mrefu na njia ndefu. Unapomwita mtu, hutanguliza a na kulegeza konsonanti ya kwanza: a Chaoimhín! Hiyo ch inasomwa kama kh ya "kheri". Nyumba ya Caoimhín ni teach Chaoimhín. Kwa hiyo mtu akinakili Chaoimhín kutoka kwenye sentensi fulani, amenakili jina likiwa katikati ya kuitwa au kumilikishwa. Jina likisimama peke yake halina h baada ya C. Waskoti, ambao nao wana Kigaeli chao, wana ushahidi mzuri wa kosa hili lilivyoweza kugeuka jina halali: Seumas, yaani James, anapoitwa husikika a Sheumais, ambapo sh hiyo hutamkwa "h". Wasikilizaji wasiojua lugha wakadhani jina ni Hamish, na Hamish likaandikishwa.

Alama ya í nayo si pambo. Huitwa síneadh fada na kazi yake ni kurefusha irabu. Fear ni mwanamume, féar ni majani ya malisho. Kompyuta nyingi huidondosha, na Caoimhin bila alama ni tahajia yenye kasoro, ingawa mtu wa Ayalandi atalielewa.

Aliyelifanya jina lijulikane ni mtawa Cóemgen, mwanzilishi wa monasteri ya Glendalough katika jimbo la Wicklow, kusini mwa Dublin. Gleann Dá Loch maana yake ni bonde la maziwa mawili, na maziwa yenyewe yapo, la juu na la chini, na mnara wa mawe wa mviringo wa takriban mita 30 bado umesimama. Kifo chake huwekwa mwaka 618. Simulizi zinampa umri wa miaka 120, namba ambayo ni ya Musa kuliko ya daftari la vizazi na vifo. Hadithi inayosimuliwa zaidi iliandikwa na Gerald wa Wales mwishoni mwa karne ya 12: mtakatifu alinyoosha mkono nje ya dirisha akisali, ndege mweusi akataga mayai kiganjani, naye akatulia hivyo hadi makinda yakatoka. Heshima yake ya kale ilithibitishwa na Papa Pius wa Kumi mwaka 1903, na yeye ni mmoja wa wasimamizi wa jimbo kuu la Dublin.

Sikukuu yake ni tarehe 3 Juni. Mkatoliki wa Afrika Mashariki ameshaitambua tarehe hiyo: ni siku ya Karoli Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo mwaka 1886, na wenzake, waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Katika kalenda ya Kanisa lote siku hiyo ni ya Mashahidi wa Uganda, na Kevin anakumbukwa zaidi huko kwao. Kevin wa Kampala anayeulizwa siku ya somo wake ana jibu zuri kuliko wengi, maana nchi yake nzima imepumzika siku hiyo.

Kwa karne nyingi jina halikuvuka mipaka. Lilipata nguvu pamoja na mwamko wa lugha ya Kigaeli mwishoni mwa karne ya 19, kisha likapata shujaa: Kevin Barry, mwanafunzi wa udaktari aliyenyongwa na Waingereza katika gereza la Mountjoy tarehe 1 Novemba 1920 akiwa na miaka 18. Wahamiaji wa Kiayalandi walilibeba hadi Uingereza na Marekani, na kufikia miaka ya 1950 na 1960 lilikuwa limeacha kuwa la Waayalandi pekee. Bara la Ulaya lililipata kwa njia nyingine. Wajerumani walimjua Kevin Keegan alipochezea Hamburg kuanzia 1977 hadi 1980, kisha filamu ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu mtoto Kevin aliyeachwa nyumbani wakati wa Krismasi ikamaliza kazi. Mwaka 1991 lilikuwa jina la kwanza kwa wavulana Ujerumani na Ufaransa pia. Umaarufu huo uligeuka mzigo: lilionekana ni jina la familia zisizosoma, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg wa mwaka 2009 ulionyesha walimu wakiwatarajia vibaya watoto walioitwa hivyo. Watoto wale hawakuwa wamefanya kosa lolote. Jina lile lile lenye maana ya uzao azizi, likivaliwa na watu wengi wa tabaka moja kwa wakati mmoja, linaweza kufanywa alama ya tabaka.

Huku kwetu halikubeba dharau hiyo. Wamisionari wa Kiayalandi wamefanya kazi Kenya kwa miongo mingi, wakiwemo wa shirika la Mtakatifu Patrisi lenye makao Kiltegan, katika jimbo lile lile la Wicklow, waliohudumu Turkana na Kitui. Lakini televisheni na mpira vimefanya kazi pia, na si kila Kevin amebatizwa na padre wa Kiltegan. Uganda utakutana na wanawake wanaoitwa Kevin, jambo ambalo lingemshangaza mtu wa Galway, kwani kwao Caoimhín ni la kiume na binti huwa Caoimhe.

Halafu kuna Kelvin. Kenya na Tanzania majina haya mawili hubadilishwa kama mapacha, na makarani wengi huamini moja ni tahajia ya lingine. Hayana uhusiano. Kelvin ni mto unaopita Glasgow, Uskoti. Mwanafizikia William Thomson, profesa wa chuo kikuu kilicho kando ya mto huo, alipopewa cheo cha ulodi mwaka 1892 alichagua kuitwa Lord Kelvin, na kizio cha halijoto kikafuata: nyuzi sifuri za selsiasi ni kelvini 273.15. Umaarufu wa Kelvin kama jina la mtu umetokana naye. Kichekesho ni kwamba Thomson mwenyewe alizaliwa Belfast, Ayalandi, ila jina alilolibeba halikutoka huko. Marehemu Kelvin Kiptum, aliyekimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35, alikuwa Kelvin, na L yake si kosa la chapa.

Mchanganyiko huu una gharama. Cheti cha kuzaliwa kikiwa na Kevin na cha mtihani kikiwa na Kelvin, ofisi inayolinganisha nyaraka ina haki ya kusema hao ni watu wawili, na mwenye jina ataanza safari ya hati ya kiapo na ada zake. Ni rahisi kuzuia: mzazi aandike jina kwa herufi kubwa, alitaje herufi moja moja kwa karani, na alisome cheti kabla ya kuondoka dirishani. L ndiyo ya kuangalia.

Anayetaka kuchunguza jina jingine la Kigaeli afuate njia ile ile: atafute tahajia ya Kigaeli ya leo, kisha umbo la kale lenye herufi zilizofutwa, aligawe hapo, na ndipo aulize maana. Duncan ni Donnchadh, ambamo cath, vita, imejificha nyuma ya chadh. Donald ni Domhnall, kutoka maneno mawili ya kale ya ulimwengu na utawala, na d ya mwisho imeongezwa na masikio ya wageni. Fiona, ambaye yupo katika kila darasa la Kampala, atakupa shida ukimtafuta katika miswada ya kale, kwa kuwa jina hilo lilianza karne ya 18 katika mashairi ya Mskoti James Macpherson, aliyelitoa kwenye fionn, yaani eupe.